Dakika Kumi za Bi Tulia

Watu wakisikia kuna mashine inayochapa nyama ya binadamu, wote wanataka kuiona mashine. Wanainama kwenye kioo, wanatoa simu, wanapiga picha, wanasema makubwa haya. Hakuna hata mmoja anayeuliza nani anaijaza wino. Basi leo mashine na ikae pembeni kidogo, maana ingebaki sanduku la kioo lenye taa ya buluu kama si mama mmoja mfupi, mwenye miwani ya kamba shingoni na viatu vya mpira, ambaye maabara nzima, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, humwita Bi Tulia.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila mwenye haraka ni hilo hilo: tulia kwanza. Humwambia anayepita mbio na chupa mkononi, humwambia anayelia chooni kwa sababu jaribio lake limeharibika, na wapo wanaoapa kwamba wamemsikia akiiambia lifti.

Alianzia kwenye sinki. Miaka ishirini na sita iliyopita aliajiriwa kuosha vyombo vya vioo, na aliviosha mpaka watafiti wakawa wanagombania chupa zilizopita mikononi mwake. Siku moja mtu akaugua, wakamwomba alishe seli, maana seli nazo hula, na zisipolishwa kwa wakati hufa bila kukuaga. Akazilisha. Hakuacha tena. Jumamosi alikuwepo, sikukuu alikuwepo. Cheti alikipata baadaye sana, akikaa darasani na watu anaoweza kuwazaa, mwalimu akiwemo. Wenye shahada tatu tatu walikuwa wakimwita aje awaangalizie sahani zao, na yeye akitupa jicho moja tu alijua ipi imeingia uchafu. Hayo si maneno ya kumpamba. Waulize waliofanya naye kazi.

Kazi yenyewe ni ya saratani. Zamani hapo maabara seli za uvimbe zilioteshwa zikiwa zimelala chini ya sahani, bapa kama rangi iliyopakwa ukutani. Dawa ikiziua hapo, watu wanashangilia. Ikifika mwilini, inashindwa vibaya. Kwa nini? Kwa sababu uvimbe wa kweli hauko bapa. Una kina, una matabaka, na seli za nje huzikinga za ndani. Ndipo ikaletwa mashine ya kuchapa. Unachukua seli za mgonjwa aliyekubali, unazichanganya na jeli laini, na mchanganyiko huo ndio unaoitwa wino. Unautia kwenye sirinji, mashine inaudondosha tone juu ya tone, mpaka kinasimama kipande kidogo cha uvimbe, saizi ya punje ya mtama, chenye kina na matabaka yake. Dawa inajaribiwa hapo. Ikishindwa, angalau hakuna mtu aliyeumizwa bure.

Ilipofika, mashine iliwashinda. Vijana wawili wasomi walihangaika nayo wiki tatu. Wino ulikuwa na mapovu, na kila povu liliacha tundu kwenye kipande. Bi Tulia alikuwa akipita na toroli lake la chupa, akasimama, akatazama, akawauliza kama nyumbani kwao hakuna anayekanda unga. Donge ukishalikanda si unaliacha lipumzike? Akaichukua sirinji, akaisimamisha wima kwenye kishikio, ncha chini, akaangalia saa. Baada ya dakika kumi mapovu yote yalikuwa yamepanda juu. Wakachapa. Kipande kikatoka kimeshikamana, hakina hata tundu moja.

Daktari mwenyewe, yule mkuu wa utafiti, mwanamke mwenye umri wa binti yake na anayemwita mama, aliichapisha sheria hiyo kwa herufi kubwa, akaitia plastiki, akaibandika ukutani juu ya mashine: DAKIKA KUMI ZA BI TULIA. Wageni kutoka maabara nyingine waliipiga picha wakaenda kubandika kwao. Sasa mwambie mtu aliyeanzia kwenye sinki kwamba jina lake liko ukutani. Kila asubuhi alikuwa akiifuta vumbi ile karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Mwezi huu tunaousimulia ulikuwa wa mwisho kabla ya kustaafu kwake, na wenzake walishaanza kunong'ona kuhusu keki.

Bi Tulia ana mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, na mpaka leo humwita Kitinda ingawa Kitinda ana miaka arobaini na minane na saluni yake mwenyewe. Ni msusi mwenye mdomo. Mteja akichelewa anasemwa, akiwahi anasemwa. Ndugu hawa wawili ni maji na mafuta: mkubwa akisema haraka haraka haina baraka, mdogo anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na hivyo ndivyo walivyoishi.

Kitinda alipatwa na saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, akakubali kipande cha uvimbe wake kiende maabara ya dada yake. Nywele zikamtoka zote. Wateja walipomkodolea macho kichwa, aliwaambia mganga hajigangi, wakae kwenye kiti wasukwe. Mwaka ukapita, akaanza kunenepa tena, kisha uvimbe ukarudi, safari hii kwapani. Madaktari wa hospitali wakampa dawa nyingine, ambayo haikuuondoa uvimbe ila iliuzuia usikue. Iliushikilia tu, kama mtu anayeushikilia mlango kwa bega.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipo.

Maabarani walikuwa wakijaribu dawa saba. Sahani ya kuchapia ina safu nane za vishimo vidogo, kumi na viwili kila safu. Safu ya kwanza haipewi dawa, ili pawe na cha kulinganisha nacho. Safu ya pili inapewa dawa namba moja, ya tatu namba mbili, hivyo hivyo mpaka ya nane, inayopewa namba saba. Daktari alizipanga toka dawa kongwe mpaka mpya. Baada ya siku tano vipande hutiwa maji maalumu yanayozifanya seli zilizo hai zing'ae, na kifaa kinasoma mwanga. Mwanga mwingi, seli nyingi hai. Safu ya kwanza ilisoma tisini na nne kati ya mia. Zilizofuata zikashuka taratibu kama ngazi, na safu ya mwisho, ya namba saba, ikasoma thelathini na moja. Wakarudia, thelathini. Kila dawa mpya ilikuwa bora kuliko iliyoitangulia, na mpya kuliko zote ndiyo kiboko yao. Nani angeshangaa? Watu walikumbatiana kwenye korido.

Na seli walizotumia zilikuwa za nani? Za Kitinda.

Hospitali ikafungua orodha ya wagonjwa wa kujaribiwa Saba, ndivyo walivyoiita. Kitinda akaandikwa. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kuanza, mgonjwa aache dawa anayotumia kwa mwezi mzima ili mwili usafike. Yeye alitakiwa kuacha Jumatatu. Saluni nzima ilishajua. Alishanunua hata kitana kipya, cha nywele zake mwenyewe.

Jumatano kabla ya Jumatatu hiyo, wanafunzi wa sekondari walikuwa waje kutembelea maabara. Bi Tulia hapendi kutupa kitu. Siku tano nyuma, alipomaliza kuchapa sahani kubwa, wino ulibaki kidogo kwenye sirinji, akachapa vipande vitatu pembeni kwa ajili ya wageni, wavione viking'aa. Havikupewa dawa yoyote. Asubuhi hiyo akavitia maji ya kung'aa, akavipitisha kwenye kifaa apate kujua kama vitapendeza.

Kifaa kilisoma ishirini na tisa.

Akadhani kifaa kimeharibika. Akarudia mara tatu. Ishirini na tisa, thelathini, ishirini na nane. Vipande havijaonja dawa hata tone, na vimefifia vilevile kama vya Saba.

Mtu mwingine angekuna kichwa wiki nzima. Yeye alijua pale pale. Alichanganya wino mpya, akausimamisha dakika kumi zake, akachukua tone la chini na tone la juu, akayaweka kwenye hadubini. Tone la chini seli zilikuwa zimesongamana hata hazina pa kupumulia. Tone la juu, moja hapa, moja kule. Miaka yote hiyo walitazama mapovu yakipanda, na hakuna aliyetazama seli zikizama. Zamani walipokuwa wakichapa vipande kumi na viwili haikudhuru kitu. Tangu wafike safu nane, zinazochukua dakika arobaini na zaidi kuchapwa, safu ya kwanza ilikuwa ikipata seli tele na ya mwisho ikipata jeli tupu. Saba haikuwa imeua kitu. Ilipewa vipande visivyo na watu, ikasifiwa kwa kuhamisha mji.

Kosa si la mashine, wala la Daktari peke yake. Lilikuwa limebandikwa ukutani, lina jina la Bi Tulia.

Bi Tulia alikaa kwenye stuli. Ndoo ya taka yenye kifuniko chekundu ilikuwa karibu na mguu wake, na vile vipande vitatu havikuwa vimeandikwa kwenye daftari lolote. Havikuwa na namba. Vikitupwa, basi, havikuwahi kuwepo. Akili, ambayo ni shetani mwenye adabu, ikaanza kumbembeleza: huenda Saba inafanya kazi kweli, na kosa ni dogo tu. Huenda Kitinda ndiye atakayepona. Wewe unastaafu mwisho wa mwezi. Utamnyang'anya mdogo wako tumaini lake kwa mkono wako, kwa sababu ya vipande vya kuonyeshea watoto?

Na upande wa pili: Jumatatu Kitinda angeacha dawa inayoushikilia uvimbe.

Aliisukuma ile ndoo kwa mguu mpaka ukutani. Kisha akaichukua ile sahani ndogo kwa mikono miwili, akapanda nayo ngazi hadi ofisini kwa Daktari.

Daktari aliangalia namba. Akaomba aelezwe tena, polepole. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Ripoti ilikuwa imeshatumwa kwa wafadhili, jina lake likiwa la kwanza. Aliuliza kwa sauti ndogo nani mwingine anajua, na Bi Tulia akasema hakuna. Daktari akaenda kuufunga mlango wa ofisi, na mtu asije akaniambia aliufunga kwa sababu ya baridi.

"Mama," Daktari akasema mwishowe, "si unajua mdogo wako yumo kwenye orodha?"

"Ndiyo maana nimekuja leo. Kesho ningekuwa mwoga."

Daktari akanyanyua simu akapiga hospitali. Huyo naye nampa heshima zake. Kuna wakubwa wengi ambao simu hiyo ingewashinda kuinyanyua.

Jioni hiyo Bi Tulia alikwenda saluni. Kitinda alikuwa ameshapigiwa kwamba zoezi limesogezwa mbele, naye alikuwa akifoka juu ya uzembe wa hospitali huku akimsuka mteja wa mwisho. Dada alisubiri mteja aondoke. Akamwambia yote: wino, dakika kumi, seli kuzama. Hakujificha nyuma ya "sisi". Alisema ni mimi. Kitinda aliendelea kufagia nywele sakafuni, akazikusanya, akazitupa, akafagia tena mahali palepale palipokwisha kuwa safi. Kisha akazima taa moja moja, akamwambia dada yake anafunga. Hakuaga.

Kwa Kitinda, matusi ni salamu na ukelele ni mapenzi. Ukimya ndio ugomvi. Siku tisa hakupokea simu. Bi Tulia alikuwa akipiga asubuhi kabla ya kazi na mchana baada ya chakula, inaita mpaka inakata.

Na kazini walirudia kila kitu. Safari hii hakujaza sirinji moja kubwa. Alijaza ndogo nane, kila safu na yake, akiuchanganya wino taratibu dakika ileile ya kuchapa. Mapovu aliyatoa moja moja kwa sindano nyembamba, mgongo ukimuuma, mpaka vijana wakambembeleza awaachie. Hakukubali. Mpangilio wa dawa wakaupigia kura kama bahati nasibu, ili isijirudie ngazi ya uongo. Seli za Kitinda zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye baridi zikatumika zote, hadi chupa ya mwisho.

Siku ya majibu chumba kilijaa. Saba ilisoma themanini na nane, yaani bure kabisa. Tatu, yaani dawa namba tatu, moja ya zile kongwe ambayo hakuna aliyekuwa akiitaja, ilisoma hamsini na saba. Kijana mmoja akataka kupiga makofi, Daktari akamzuia: mara moja si majibu, na seli za kurudia hazipo tena. Kwenye kikao alisema kosa ni lake, kwa kuzipanga dawa toka kongwe mpaka mpya. Bi Tulia alisimama akasema mpangilio huo usingedanganya kama wino ungekuwa sawa, na wino ni wake. Mficha uchi hazai. Akapanda stuli mbele ya wote, akaibandua ile karatasi yenye jina lake, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. Hakuna aliyejua atazame wapi. Mlinzi, aliyekuwa mlangoni akipita tu, alivua kofia.

Siku ya kumi, Ijumaa, huyo huyo mlinzi alimpigia simu ya ndani kumwambia ana mgeni getini.

Kitinda alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni, kilemba cha manjano kichwani, mkoba magotini. Hakuinuka. Bi Tulia alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, maana hakujua kama amesamehewa.

"Ile nyama yangu mliyokuwa nayo," Kitinda akasema akitazama mbele, "imebaki?"

"Imeisha. Tuliimaliza kwenye kurudia."

"Yote?"

"Yote."

Kitinda akatikisa kichwa polepole. Akaeleza kwamba ametoka kwa daktari wake wa hospitali, na kwamba dawa yake anaendelea kuinywa kama kawaida. Ameelezwa kuhusu hiyo Tatu, kwamba huenda ni kitu na huenda si kitu, na kwamba majibu yakija yanaweza kumkuta au yasimkute. Jumanne saa tatu watamdunga ile sindano ndefu kwapani, wachukue kipande kingine, kiletwe hapa. Fomu ameshatia sahihi.

Bi Tulia alianza kumwambia kwamba hakuna anayemlazimisha, kwamba sindano ile inauma, kwamba safari hii wangeweza kutafuta mtu mwingine aliye na nguvu zaidi.

"Kwani kwapa ni la nani?" Kitinda akamkatiza. "Najua inauma. Siku zote hizi nilikuwa nimekasirika, dada, sikufichi. Nilitamani ungenyamaza. Nilikaa nikajiuliza ningefanya nini ningekuwa wewe, na mimi ningevitupa vile vipande kwenye ndoo. Ningevitupa, na leo ningekuwa siku ya tano bila dawa." Akaufungua mkoba, akaufunga tena, hakuna alichotoa. "Basi kipande changu nataka kishikwe na wewe. Si mwingine yeyote humo ndani."

Bi Tulia, mwanamke wa tulia kwanza, alilia pale getini mbele ya mlinzi na mtu wa maji ya chupa, akalia kwa sauti, na Kitinda akasogea akajaza ile nafasi ya katikati huku akimwambia aache kumchafulia kilemba.

Mchana huohuo alikwenda utawala, akaomba kustaafu kwake kusogezwe mbele miezi sita. Yule karani alimuuliza sababu, akasema ana kazi inakuja Jumanne.

Jumanne ikaja. Saa nne kasorobo mjumbe wa hospitali alileta kikopo kwenye boksi la baridi, hakina jina, kina namba tu, kama vinavyokuja vyote. Bi Tulia alikuwa ameshavaa glavu. Alikipokea kwa mikono miwili, akaandika saa kwenye daftari, na akaanza kazi.